Jipi Lisilojua Baridi

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, kando ya ziwa lile kubwa, mtu akijaliwa huwa na magari mawili. Moja ni la kupendwa, la pili ni la kuliwa na chumvi. La kupendwa hulazwa bandani chini ya shuka tangu majani yanapopukutika, na halitoki tena mpaka barabara zikauke. La pili ndilo la kuingia nalo kwenye theluji. Na kwa kuwa barabara zetu humwagiwa chumvi kama samaki wa kukaushwa, gari hilo halidumu. Kutu hulianza tumboni na kulimaliza. Kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu anayetoa pesa nyingi kwa gari la baridi. Unatafuta bovu ambalo bado lina roho, unaliombea, unawasha, unakwenda.

Verna Ollila hakuwahi kununua gari la baridi maishani mwake. Namjua Verna tangu tulipokuwa wasichana wa Shule ya Jumapili, tukisuka nywele kwa namna moja. Alipika jikoni kwenye shule ya msingi miaka mingi, na hata leo watu wazima wenye ndevu wakikutana naye dukani humsalimu kwa adabu, kwa sababu ndiye aliyewaongezea supu. Si msemaji. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Mkate wake wa iliki ukiingia kanisani, hata mhubiri hupoteza mstari. Lakini habari za magari alimwachia mumewe, Reino, ambaye sisi sote tulimwita Ray.

Ray ndiye aliyekuwa macho ya kanisa zima katika mambo hayo. Mtu akitaka kununua gari la baridi, alimwita kwanza. Ray alikuja na kipande cha boksi na bisibisi. Boksi alilitandaza chini, akalala chali, akaingia chini ya gari, kisha ukamsikia akichoma huku na huku kwa bisibisi, tok, tok, kama ndege agongaye mti. Bisibisi ikizama kwenye kutu, alitoka, akajipangusa magoti, akasema, "Mzikeni." Ikigoma kuzama, alisema, "Huyu atafika Krismasi," au, gari likiwa na nguvu zaidi, "Huyu atafika Pasaka." Hakuzidisha neno. Na sijui ni wangapi walioepushwa na hasara kwa hayo maneno yake machache.

Basi mwezi wa nane Ray alipigwa na kiharusi. Verna alimkuta ameketi kwenye nyasi karibu na msumeno wake, mkono wa kulia umelegea, anamtazama mkewe kama mtu anayeomba radhi. Mungu alimwachia uhai, na akili yake ilibaki yote. Kilichofungwa ni ulimi. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, lilimbakia moja tu: "Sawa." Akitaka maji, sawa. Akiumwa bega, sawa. Ukimuuliza kama anataka kulala naye hataki, atatikisa kichwa kwa hasira huku anasema, "Sawa, sawa, sawa," na machozi yanamlengalenga kwa kujisikia akisema asichotaka.

Daktari alimwambia Verna asikate tamaa. Ulimi hurudi, alisema, lakini hurudi zaidi mwaka ule wa kwanza, na hurudi kwa kufundishwa. Ndipo Ray akapata nafasi kwa mwalimu wa kusema, kule mjini, binti mmoja aitwaye Kirsten, mpole, mwenye miwani mikubwa. Wiki nenda wiki rudi Verna alimpeleka. Kirsten alimwonyesha Ray picha: kikombe, kijiko, paka. "Hiki ni nini, Ray?" "Sawa." "Na huyu?" "Sawa." Wakirudi nyumbani Ray aliegemeza kichwa kwenye kioo akafumba macho.

Mwezi wa kumi na moja, gari lao la baridi likafa. Halikuzimika tu kama magari mengine. Sakafu yake ilidondoka barabarani. "Dada," Verna aliniambia kwenye simu, "nimeona lami ikipita kati ya viatu vyangu." Siku ile hawakufika mjini. Mhudumu wa mapokezi akawaeleza kwa upole kwamba walio kwenye foleni ni wengi. Wakikosa mara moja zaidi, nafasi itapewa mwingine, na Ray atasubiri mpaka kiangazi. Mpaka kiangazi! Wakati mwaka wenyewe wa ulimi ndio huu. Na gari lao la kupendwa, dogo, la chini, halivuki hata theluji ya kwenye kilango cha nyumba.

Wiki hiyohiyo Duane Perala akarudi kutoka kusini. Duane ni ndugu yetu kanisani, ana dada yake Alabama, na kila akienda kumtembelea hurudi amekokota kitu. Safari hii alikokota jipi: refu, la kijani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Jumapili baada ya ibada alilileta kwenye uwanja wa kanisa, Verna akatoka na aproni yake ya jikoni, nami nikamfuata na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Amani ya Mungu, dada Verna," Duane akasema. "Karibu uone mambo."

"Amani ya Mungu. Duane, linatembea?"

"Linatembea! Nimetoka nalo Alabama."

"Umetoka nalo juu ya trela," mtu mmoja akasema nyuma, watu wakacheka.

"Trela ni heshima yake," Duane akajibu. "Hili lilikuwa la mjane wa mchungaji. Alikwenda nalo kanisani na sokoni tu."

"Na mbwa alikwenda nalo wapi?" nikauliza, maana nilikuwa nimefungua mlango na harufu ikanipokea.

Basi tukaanza kuona mambo. Kioo cha dereva kilishuka vizuri, lakini kupanda kilitaka usaidizi wa viganja viwili. Milango ya nyuma ilifunguka kwa ndani tu. Kichwa cha gia kilikuwa kimepotea, na mahali pake palikuwa na mpira wa gofu. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu ambayo Duane alikuwa ameibandika utepe mweusi.

"Na hiyo je?" Verna akauliza.

"Hiyo huwaka tu. Ni tabia yake. Kila mtu ana tabia yake, dada."

Lakini hayo yote yalisahaulika wanaume walipotazama chini. Nakuambia, waliingia chini ya lile jipi na suti zao za Jumapili, mmoja baada ya mwingine, juu ya theluji, na kila aliyetoka alikuwa na uso wa mtu aliyeona malaika. Hakuna kutu! Hata punje! Chini kote kunang'aa kama sahani ya harusi. Sisi tuliozaliwa kwenye chumvi hatujui jambo jingine la kuliuliza gari. Kutu ipo au haipo? Kama haipo, basi hilo ni zawadi kutoka mbinguni, na bei yake haikufika bei ya jiko jipya.

"Muulizeni Ray," mtu akasema.

Ray alikuwa ameketi kwenye gari la mhubiri, amefunikwa blanketi. Tukamsaidia kushuka. Akalizunguka jipi taratibu na fimbo yake. Hakuinama hata kutazama chini. Alikwenda moja kwa moja mbele, akaweka kiganja cha kushoto juu ya boneti, akaanza kulipiga. "Sawa," akasema. "Sawa! Sawa, sawa, sawa!"

"Amelibariki!" Duane akapiga makofi. "Mmeona? Ray mwenyewe amelibariki!"

Watu wakafurahi, wakampiga mgongoni. Mimi nilikuwa karibu na Verna, na nilimwona akimtazama mumewe machoni. "Mzee wangu," akamwambia polepole, "kuna kitu?" Ray akapiga boneti tena. "Sawa!" Midomo ilikuwa inamtetemeka. Verna akadhani ni baridi. Akamfunga skafu vizuri, akamrudisha garini. Na kesho yake alikuwa na safari ya mjini. Akalinunua.

Nitasema ukweli, lile jipi lilituhudumia siku za mwanzo. Hakukuwa na baridi kali bado, theluji ilianguka laini, na jipi lilipanda vilima kama mbuzi. Kila asubuhi kabla ya kuondoka Ray alisimama mbele yake akigonga boneti, na kila asubuhi Verna alimwambia, "Ndiyo, mzee, ni zuri, nimeliona, twende." Mimi nilifuatana nao kwa sababu mtu mmoja hawezi kuendesha na kumshika Ray kwa pamoja kwenye barafu. Nilikaa nyuma, kwenye harufu ya mbwa, nimepakata kopo la kahawa lenye mshumaa ndani yake, kibiriti na blanketi la sufu. Hayo hatuyaachi nyumbani wakati wa baridi. Ukikwama, mshumaa mmoja ndani ya kopo hukuhifadhi hai mpaka mtu apite. Na atapita, maana kwetu hakuna anayelipita gari lililosimama.

Kisha ikaja baridi yenyewe. Mnaoijua mnaijua. Ile ambayo ukivuta pumzi pua inashikana, na theluji ikikanyagwa inalia kama mlango mbovu. Asubuhi hiyo jipi liliguna muda mrefu kabla ya kuwaka. Verna alisema "asante Yesu" lilipowaka, nami nikasema amina, tukaondoka.

Hatukufika mbali, tulikuwa tumepita tu mashamba ya viazi, nikaona miguu yangu haipati joto.

"Verna, hita umeiwasha?"

"Imewaka mpaka mwisho, dada. Inapuliza upepo wa kaburini."

"Labda bado haijaamka."

Tukaenda. Baada ya muda Verna akainama kutazama geji. "Mbona hii inapanda?"

"Ipi?"

"Ya joto. Injini inachemka."

"Itachemkaje, na sisi huku tunaganda?"

"Sijui! Lakini ona, imefika kwenye nyekundu."

"Basi simama kidogo."

"Nisimame tuchelewe? Dada, unajua walivyotuambia. Leo tukikosa, basi tena." Sauti yake ilikatika, akakaza mikono kwenye usukani. "Litafika. Litafika tu. Ee Bwana, tufikishe."

Ray naye alikuwa ameanza. "Sawa," anasema, anapiga dashibodi kwa mkono wa kushoto. "Sawa. Sawa!" Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia, na moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Ray akageuka akamshika Verna mkono. Uso ulikuwa umemwiva. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena kama mtu anayeinua gogo.

"Zima," akasema.

"Nikizima hapa tutakwama, mzee, subiri nivuke hiki kil—"

Verna akamgeukia. Mimi nami nikawa nimeshika kopo langu kama sanamu. Jipi likaendelea kwenda lenyewe kidogo.

"Umesemaje?" Verna akanong'ona.

"Zima!" Ray akapaza sauti. "Zima, zima!"

Verna akazima. Likajikokota mpaka ukingoni mwa barabara, likasimama. Mle ndani tukasikia tu chuma kikilia tik, tik, kikipoa. Verna alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini hakuwa akicheka. Ray alikuwa anamtazama, anahema kama aliyekimbia, na jicho moja linadondosha chozi.

"Ulitaka kuniambia tangu kanisani," Verna akasema. "Kila asubuhi. Ulikuwa unaniambia."

Ray akanyoosha kidole mbele, kwenye boneti. Akatafuta neno. Tulimngoja. Nilisali kimoyomoyo, na sikumwomba Mungu gari, niliomba hilo neno moja tu.

"Ma... ji," Ray akasema.

Ndipo likatuingia, sisi wote wawili kwa pamoja. Gari la Alabama! Kule hakuna baridi. Kule mtu akiona rejeta imepungua hufungua bomba la bustani akajaza. Mjane wa mchungaji, Mungu ambariki, alikuwa akilitilia gari lake maji matupu miaka yote hiyo, na halikudhurika. Kwetu rejeta hutiwa dawa isiyoganda, na tumeizoea mno kiasi kwamba hakuna anayewaza kuuliza. Wanaume wazima wamelala kwenye theluji na suti zao kutafuta kutu, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko cha rejeta. Ray peke yake ndiye aliyewaza. Rejeta ilikuwa imeganda kama jiwe, maji hayazunguki, na injini nyuma yake inachemka peke yake.

Nikawasha mshumaa kwenye kopo. Tukamfunika Ray mablanketi yote. Verna akatoka akafunika mbele ya jipi kwa boksi, lilelile la Ray la kulalia, ili upepo usilipige zaidi. Alipoingia tena kope zake zilikuwa nyeupe.

"Tumekosa," akasema. "Lakini amesema, dada. Amesema maneno mawili. Sasa nitawaambia nini wanipe nafasi? Watasema kila mtu husema hivyo."

Nilimshika bega.

Aliyekuja ni Bev Tormala na lori lake la kusukuma theluji. Bev ni mwanamke mwenye sauti ya kengele, na hakuna kilima cha wilaya hii asichokijua. Alisimamisha lori, akashuka, akalitazama jipi linalofuka moshi katikati ya baridi ya kupasua mawe.

"Wee Verna! Unapika chai humo?"

"Bev, limechemka na limeganda."

"Chagua moja, mama! Vyote viwili huwezi." Akaona kioo cha dereva kilivyoshikwa na utepe. "Nani kakuuzia huyu marehemu?"

"Duane Perala."

"Duane! Ningejua. Yule angemuuzia Nuhu mashua iliyotoboka." Kisha akamwona Ray, akaivua kofia. "Habari, Ray. Mnakwenda kwa yule mwalimu? Haya, pandeni kwangu, nyote. Sheria inasema nisibebe abiria. Haisemi nisibebe majirani."

Hapo ndipo Ray alipotushangaza. Alikataa kushuka. Bev alimfungulia mlango, yeye akashika mpini wa mlango kwa ule mkono mzima na hakuuachia. Verna alimsihi. Aliangalia mbele tu, kwenye boneti, kama nahodha.

"Mzee, gari limekufa!"

Ray akatikisa kichwa. Halijafa.

Bev akacheka mpaka akashika magoti. "Kumbe bado ni yuleyule. Basi, bwana, tutakuvuta na kiti chako cha enzi." Akatoa mnyororo.

Ndivyo tulivyoingia mjini. Mbele lori kubwa la njano likimwaga chumvi, nyuma jipi la kijani kwenye mnyororo, Verna amening'inia kwenye usukani mzito kama jiwe la kusagia, kioo kimeshuka chenyewe njiani na kugoma kupanda, mimi nyuma nashika kopo la mshumaa nikiimba nyimbo za kanisani kwa meno yanayogongana. Watu kwenye kituo cha mafuta walitupungia mikono.

Tulipofika mbele ya lile jengo saa yetu ilikuwa karibu kwisha. Verna akakimbia ndani. Mhudumu akaanza kumweleza yaleyale, kwa upole uleule, Verna akamkatiza, yeye ambaye hajawahi kumkatiza mtu: "Amesema! Amesema 'zima', na amesema 'maji'! Na sasa hataki kutoka kwenye gari!"

Kirsten alisikia kutoka chumbani kwake. Alitoka na koti halijafungwa, akafuata nyayo za Verna mpaka nje. Na Mungu ana namna yake ya kupanga: aliyepaswa kuingia baada ya Ray alikuwa amekwama kwenye theluji yake mwenyewe, hakuja. Saa ile ilikuwa tupu.

Kirsten akainama mlangoni. "Ray, kuna nini humu?"

Ray akamtazama. Kisha akaanza kushuka, mwenyewe, na sisi tukimshika kiuno. Akaenda mbele ya jipi, akagonga boneti. Verna akalifungua. Bev, aliyekuwa akikusanya mnyororo wake, naye akasogea.

Sijui kama Kirsten alikuwa amewahi kuona ndani ya boneti. Alinyoosha kidole polepole, kama alivyozoea kunyoosha kwenye picha. "Hii ni nini?"

Ray akahangaika. Midomo ikajikunja. "Re... reje... ta."

"Na hii?"

"Mka... nda."

"Na hii nyeusi?"

Hii alichelewa. Tulisimama pale kwenye baridi, wanawake wanne, mvuke unatutoka, na hakuna aliyempa hata herufi moja. "Be," akasema. "Betri." Halafu, bila kuulizwa, akagonga kichwa chake cha kufungia waya na kusema kwa karaha ya fundi, neno zima, "Chafu."

Bev akapiga ukelele. Verna akaegemea ubavu wa jipi akalia.

"Nimekuwa nikimwonyesha paka," Kirsten akasema, akipangusa miwani iliyoganda. "Mama Verna, ana paka nyumbani?"

"Hawapendi kabisa," Verna akajibu.

"Basi tuachane na paka. Mtakuja wiki ijayo?"

"Gari letu ni hili."

"Basi mje na hili."

Duane alikuja jioni hiyo na trela, na uso wa mtu aliyeitwa mbele ya kanisa. Alirudisha nusu ya pesa kabla ya kuombwa, na alipotaka kurudisha nusu nyingine Verna alikataa. Jipi walilipeleka kwenye banda la Duane lenye jiko la kuni, likayeyuka usiku kucha taratibu. Sote tulijua linaweza kuwa limepasuka moyo. Lakini kumbe maji yalipoganda na kutanuka yalikuwa yamesukuma nje vizibo vidogo vya bati ubavuni mwa injini, na injini yenyewe ikasalimika. Rejeta ndiyo iliyokufa. Duane alitia nyingine, ya mtumba, akatia na dawa, na alionja hofu kiasi kwamba alipima ile dawa mbele ya Ray mara kadhaa, huku Ray ameketi kwenye ndoo akisema, "Bado. Bado."

Sasa msidhani jipi lilipona tabia zake. Halikupona. Kabla ya Krismasi stata ilikataa, na tukajifunza neno stata. Mwaka mpya ulipoingia, ekzosi ilining'inia tukaifunga kwa waya wa kuanikia nguo, na Ray akasema "ekzosi" na baada yake "waya," na baada yake maneno mengine mawili ambayo Verna alimwomba asiyarudie mbele ya Kirsten. Kila lilipoharibika, Verna aliniita akisema, "Dada, limepata somo jipya." Nilianza kulipenda, Mungu anisamehe. Kuna siku niliona linakwenda vizuri wiki nzima nikasikitika kidogo.

Kirsten alitoka nao nje kila baridi iliporuhusu. Iliposhindikana, Verna aliingiza vyuma ndani kwenye kikapu chake cha mkate: plagi, feni ndogo, kichwa cha betri. Nafasi yao haikuchukuliwa na mtu. Kutoka kwenye vyuma Ray alifika kwenye vitu vya karibu: moto, baridi, kaza, legeza, subiri. Asubuhi moja mwezi wa pili Verna alikuwa akikanda unga, akasikia nyuma yake, "Iliki." Aligeuka. Ray alikuwa ananusa. Verna aliniambia kwamba aliendelea kukanda, maana alijua akisimama hataweza kuanza tena.

Jumapili moja ya Kwaresima, theluji ikiwa bado kiunoni lakini jua limeanza kuuma, tulitoka ibadani tukakuta Duane amesimama karibu na jipi, na watu wamemzunguka.

"Ray," akasema, kwa utani lakini si utani kabisa, "siku ile hatukukusikiliza. Leo tuambie. Hili jipi litafika wapi?"

Ray akamtazama Verna. Verna akafungua mlango wa nyuma kwa kuingiza mkono ndani, akatoa kipande cha boksi, akakitandaza juu ya theluji iliyokanyagwa. Akampa bisibisi mkono wa kushoto. Nilitaka kusema asilale chini, atashikwa na baridi, lakini Verna alinitazama nikameza maneno yangu. Yeye na Duane walimlaza polepole, akaingia chini mpaka kiunoni. Tukasikia: tok. Kimya. Tok, tok.

Walipomtoa hakuweza kujipangusa magoti. Verna alimpangusa. Mhubiri ameshika Biblia kifuani.

"Huyu," Ray akasema. Akavuta pumzi. "Huyu... ata... fika... Pasaka."

Halafu Bev, kutoka nyuma kabisa, "Pasaka ipi, Ray? Hii au ya mwakani?"

Ray akalifikiria jambo hilo. Akalitazama lile jipi la kijani, na waya wake, na mpira wake wa gofu, na kioo chake kilichoshuka. Kisha akamkonyeza mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane akalisema lile neno lake kwa kutaka mwenyewe.

"Sawa," akasema.

Verna akafunika mdomo kwa kiganja.